Maua ya Gongo

Alhamisi ile Emerensiana Luambano aliisoma ratiba mara tatu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Jumuiya ya Mtakatifu Rita, pale Bombambili, ilisali kila Alhamisi saa kumi jioni nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Sanamu ya Mama Maria ilibebwa kwa nyimbo kutoka nyumba iliyomaliza kwenda nyumba inayofuata, ikalala huko wiki nzima. Ilikuwa hivyo tangu jumuiya ianzishwe: kwa Kajetani, kisha kwa Emerensiana, kisha kwa Bibi Getruda, mpaka mwisho wa mtaa, halafu inaanza upya. Sasa kwenye karatasi iliyogongomewa kwenye mlango wa kanisa la kigango palikuwa na Kajetani, na chini yake Bibi Getruda. Jina lake halikuwepo, wala halikufutwa. Aliyeandika aliandika kana kwamba pale kati hakuna nyumba.

Kilichomkera zaidi ni kwamba ratiba hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiichapa, miaka kumi na moja, bila kudai hata asante. Safari hii ilikuwa imeandikwa kwa mkono, herufi zenye mikia mirefu, na mkono ule aliujua. Ulikuwa wa Kunegunda, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye wengi walimwita Mama Edmund.

Na kosa la Emerensiana lilikuwa nini? Ulevi. Mtaa mzima ulijua kwamba Emerensiana ni mlevi, isipokuwa Emerensiana mwenyewe, ambaye tangu azaliwe tone la gongo lilikuwa halijapita kooni mwake.

Tusidanganyane. Songea si mji wa kumshangaa mtu kwa kikombe cha komoni, pombe ya nafaka, na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukifika hata wanakwaya hupoteza sauti kwa siku mbili tatu. Kunegunda mwenyewe alipika komoni ya ubatizo wa wajukuu wake, na watu wakaisifu mpaka wakalala. Lakini mjane anayeishi peke yake, anayenunua gongo karibu kila siku, akajifungia nalo ndani mchana kutwa, huyo ni habari nyingine. Huyo anasemwa kisimani, sokoni na kwenye ngazi za kigango.

Gongo lilianzaje? Lilianza siku ambayo Emerensiana alipoteza kazi.

Alikuwa mchapaji katika ofisi moja ya ushirika mjini. Mashine ya kuchapa na mashine ya kurudufu zilikuwa zake, na karani yeyote aliyetaka kuzigusa alipita kwanza mbele ya macho yake. Kisha zikaja zile zama za ruksa. Wafanyabiashara binafsi wakaanza kununua mahindi na kahawa hukohuko mashambani, ushirika ukayumba, na mwaka 1993 wakubwa wakaleta orodha ya watakaopunguzwa. Walimpa aichape. Jina lake lilikuwa la nane. Aliichapa bila kosa hata moja, akatoa nakala kumi, akazipanga vizuri juu ya meza ya bosi, akarudi kusafisha mashine yake kama kawaida.

Alisafisha kwa hasira, na nani angemlaumu? Kitambaa kilichojaa wino wa zambarau kilirusha matone kwenye kalenda kuukuu aliyoitandaza mezani, upande wa nyuma, ule mweupe unaong'aa. Akamwaga spiriti ili aufute wino. Haukufutika. Ulikimbia kutoka katikati kwenda pembeni, ukajikunja kingoni, ukaacha mishipa myembamba ambayo hakuna kalamu ingeweza kuichora. Ulipokauka, mbele yake palikuwa na ua. Akadondosha tone jingine. Ua jingine, tofauti kabisa na la kwanza.

Wenzake walipewa barua za kuwashukuru kwa utumishi wao. Emerensiana barua yake aliisahau kwenye droo, akaikunja ile kalenda akaondoka nayo.

Miezi iliyofuata nyumba yake iligeuka kiwanda cha kuharibu karatasi. Aligundua kwamba karatasi ya daftari haifai, inainywa rangi yote palepale. Inayofaa ni ile ya kung'aa, inayokataa kunywa. Basi akazunguka nyumba za watu kuomba kalenda za miaka iliyopita, na watu walizitoa kwenye kuta zao kwa kumhurumia. Wino wa ofisini ulipokwisha, akajaribu dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Ilitoa ua zuri, lakini ni zambarau hiyohiyo, rangi ya Kwaresima, na duniani si Kwaresima mwaka mzima. Hapo ndipo alipomwendea Stumai, mama aliyeuza sokoni mikeka kutoka Tunduru.

"Rangi mnazotilia mikeka, ni za unga?" alimuuliza.

"Za unga, dada. Nyekundu, kijani, manjano. Tunachemsha na maji."

"Nisaidie kidogo kidogo, kila rangi."

"Kumbe umeanza kusuka?"

"Nimeanza kuchezea, dadangu."

Stumai alimfungia vipakiti vya karatasi na kumwombea baraka za Mwenyezi Mungu. Kwenye maji rangi zile zilimkatalia: zilijikusanya juu ya karatasi kwa vitone, zikiguswa zinabanduka. Kwenye spiriti ziliyeyuka zikatii. Ila spiriti ya duka la dawa ilikuja kwa vichupa vidogo, na mara nyingi haikuja kabisa. Kilichokuwepo kila siku, jua au mvua, kilikuwa gongo la Benigna, jirani yake wa nyuma.

Chupa ya kwanza ilimtia hasara. Benigna alimpa lile linalodondoka mwishoni, lenye maji mengi, karatasi ikajikunja na rangi zikawa tope. Emerensiana akarudi na chupa yake.

"Benigna, hili si gongo, hili ni mvua. Mimi nataka lile la kwanza, linalodondoka mwanzo."

Benigna alishika kiuno. "Mama Jane, lile wanaume wenye vifua wanaliogopa. Litakuua, halafu nimwambie nini binti yako Jane kule Mpitimbi?"

"Nipe kijiko na kiberiti."

Akamimina kidogo kwenye kijiko, akawasha. Mwali ulikuwa wa bluu, safi, na kijiko kilibaki kikavu. "Hili ndilo," alisema kwa furaha. "Siku zote unipe hili, na lingine usinionyeshe." Wateja watatu wa Benigna waliokaa kwenye benchi waliacha kunywa wakamtazama kwa heshima kubwa. Wao walikuwa wanakunywa miaka yote hawajafikia daraja la kupima kwa moto. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika hata mtaa wa Majengo.

Yeye hakujua, na kama angejua asingejali, maana wiki zile alikuwa na furaha kuliko mwanamke yeyote wa Bombambili. Alipata namna yake ya kufanya kazi. Kwanza anamwaga gongo tupu, karatasi iloe. Kisha tone la nyekundu, tone la manjano, anasubiri kidogo, halafu anasukuma rangi kwa upepo wa pampu ya baiskeli ya marehemu mume wake, polepole, bila kugusa. Mwisho anachovya ncha ya unyoya wa kuku kwenye gongo na kudonoa pembeni mara tatu, na kila alipodonoa palifunguka kijicho cheupe. Vile vijicho vitatu vya pembeni alivipenda akaviweka kwenye kila karatasi aliyotengeneza. Kuna siku alitupa kumi ili apate moja. Hakulia. Aliwasha jiko kwa zile tisa na kuanza tena.

Zikifaa, alizipeleka kwa Ramson, kijana wa kutoka mkoa mwingine aliyefungua duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi. Ramson alizikata zikawa kadi, akabandika katikati kipande cheupe chenye maneno ya mwaliko, zikaenda haraka kuliko daftari.

"Ila mama, tafadhali usiseme zinatoka wapi," alimwambia. "Watu wa hapa wakisikia Bombambili watazirudisha. Mimi nawaambia Dar es Salaam. Siku hizi kila kitu kizuri kinatoka nje."

Emerensiana alikubali. Alitaka kazi. Hilo ndilo kosa lake la pekee katika habari hii yote, na alilijua tangu siku ile, likamkaa moyoni kama mwiba wa samaki.

Basi, baada ya kusoma ratiba, hakwenda nyumbani kulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Kunegunda. Alimkuta uani akipepeta mchele, nyumba nzima ikiwa katika pilikapilika, maana Edmund, mwanawe wa kiume wa kwanza, alikuwa anaoa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Edmund."

"Milele amina, Mama Jane. Karibu." Ungo haukusimama.

"Nimeona ratiba. Nyumba yangu imebomoka lini?"

Kunegunda aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa. "Jumuiya imeona tukupe muda, dada. Hatujakufukuza. Siku utakayosimama mbele ya watu useme umeacha, Mama Maria atarudi kulala kwako. Mimi mwenyewe nitambeba."

"Niache nini?"

"Mama Jane, mtaa una pua."

"Nikisema nimeacha, nitakuwa nimekiri kwamba nilikuwa nakunywa. Mimi sinywi."

"Ndivyo wanavyosema wote." Kunegunda alishusha pumzi, akaingia ndani, akatoka na kadi mkononi. "Haya, mimi sina kinyongo na mtu. Hii ni ya harusi ya Edmund. Zimetoka Dar hizi, mia mbili, hata Baba Paroko amezisifu. Uje. Ila siku hiyo, dadangu, nakuomba kwa jina la Mungu, uje ukiwa mzima."

Emerensiana aliipokea ile kadi kwa mikono miwili. Nyekundu ikiingia kwenye manjano, kijani kikizunguka ukingoni. Pembeni, vijicho vitatu vyeupe vya unyoya wa kuku. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Neno likisemwa uani kwa Kunegunda lingeishia uani kwa Kunegunda, na kesho yake lingetoka likiwa limevalishwa nguo nyingine.

"Nzuri sana," alisema. "Aliyeitengeneza ana mkono."

"Dar hiyo!" alisema Kunegunda, akachukua ungo wake.

Alhamisi iliyofuata, saa tisa na nusu, Emerensiana alitoa meza yake nje. Hakuiweka uani ambako ingefichwa na ua wa mabua. Aliiweka mbele ya nyumba, hatua tatu kutoka kwenye njia ambayo sanamu ingepita kutoka kwa Kajetani kwenda kwa Bibi Getruda. Akatandika kitambaa cheupe, kilekile alichokuwa akikitandika kila zamu yake. Juu yake akapanga karatasi, vikombe vya rangi, pampu, unyoya, na katikati kabisa chupa ya gongo, imejaa mpaka shingoni. Akavaa kitenge chake cha sikukuu, akakaa, akaanza kazi.

Nyimbo zilisikika kwanza. Kisha wakatokea, watu kama thelathini. Kunegunda mbele amebeba sanamu, pembeni yake Kajetani na mshumaa, nyuma yao Bibi Getruda na fimbo yake. Kunegunda alipoiona chupa, wimbo ulimkatikia. Waliokuwa nyuma yake waliendelea kwa nusu ubeti, wakanyamaza nao.

Emerensiana alisimama. "Tumsifu Yesu Kristo."

Sasa hapo hata ungekuwa na moyo wa jiwe, salamu hiyo haipokewi kwa kimya. "Milele amina," walijibu, wengine wakitazama chini.

"Shikamoo, Bibi Getruda."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama Jane," alisema Kunegunda, akiikumbatia sanamu, "hata aibu huna? Mbele ya Mama wa Mungu, na chupa mezani?"

"Aibu ya nini? Hii ndiyo kazi yangu. Mlisema najifungia nayo ndani, mimi nimeitoa nje muione. Mzee Kajetani, naomba huo mshumaa usogee nyuma kidogo. Hili ni la kwanza, likishika moto tutasali hatuna nyusi."

Kajetani alirudi nyuma hatua tano, haraka. Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Emerensiana hakungoja ruhusa. Alifungua chupa, harufu ikawafikia wote kwa pamoja, akaimimina juu ya karatasi ya kung'aa. Tone la nyekundu. Tone la manjano. Tone la kijani. Akachukua pampu. Rangi zikaanza kutembea, zikakutana, zikapishana, zikafunguka. Watoto ndio waliosogea wa kwanza, kisha mama zao waliojidai wanawafuata watoto. Bibi Getruda alipasua katikati ya watu kwa fimbo yake mpaka akafika mezani.

"Nguvu zote hizo za Benigna unazimwaga kwenye karatasi?" aliuliza.

"Zote, bibi. Hata tone siachi."

"Dhambi hiyo sasa," alisema Bibi Getruda, na safari hii watu walicheka waziwazi.

Emerensiana alichovya unyoya akadonoa pembeni mara tatu. Vijicho vitatu vyeupe. Kisha akatoa kifuani kadi ya harusi ya Edmund, akaiweka kando ya karatasi iliyolowa. Hapakuwa na haja ya maneno, maana kila mtu aliyesimama pale alikuwa na kadi ileile nyumbani, imechomekwa kwenye kioo au kwenye fremu ya picha, na kila mtu alikuwa na macho.

"Hizo zimetoka Dar," alisema Kunegunda.

"Zimetoka hapa, Mama Edmund. Kwenye meza hii. Kalenda mlizonipa ndizo nilizoanzia, rangi ni za mikeka ya Tunduru, na maji yake ni gongo la Benigna. Ramson alinikataza kusema, nami nikakubali kama mjinga. Leo nimesema. Kadi mia mbili za mwanao, hata ile ya Baba Paroko, zimeoga gongo kuliko walevi wote wa mtaa huu."

Mama mmoja alichomoa kadi kwenye pochi yake akainusa. "Kwa mbali," alisema, kama mtu anayeonja mboga. "Kwa mbali ipo."

Kunegunda alisimama na sanamu kifuani, jasho likimtiririka. Inawezekana alikuwa anawahesabu aliowapelekea kadi. Inawezekana alikuwa anakumbuka neno lake la "uje ukiwa mzima". Mimi sitaki kumwonea, ila aliyejenga ukuta, akitaka kuvuka, lazima aonekane anavyoupanda. Mwisho alisema, kwa sauti ndogo, "Basi ondoa hiyo chupa, dada, tumwingize Mama Maria ndani. Yaishe."

Hapo wengi walipumua. Suluhu nzuri, kila mtu angerudi nyumbani na heshima yake. Emerensiana aliitazama chupa, akamtazama Kunegunda, na hasira ya wiki nzima ikamjia ikiwa imetulia.

"Siiondoi. Mliniruka kwa sababu yake. Mkija, mtakuja ikiwepo. Nikiificha leo mbele ya Mama Maria, kesho mtasema nilikuwa na la kuficha."

Kuku alipita chini ya meza. Kisha Bibi Getruda, ambaye zamu ilikuwa yake na nyumba yake ilikuwa imefagiliwa na viti kupangwa, alimpa mtu fimbo, akanyoosha mikono yake miwili mikavu, akaitwaa sanamu kutoka kifuani kwa mwenyekiti. Aliiweka juu ya kitambaa cheupe, kando ya chupa. Kisha akajichagulia kiti kilicho kizuri kati ya viti vya Emerensiana, akakaa.

"Miguu yangu imechoka," alisema. "Leo tunasali hapa. Kwangu mtakuja wiki ijayo, kama zamani. Mama Edmund, anza."

Na Kunegunda akaanza. Sauti ilikuwa imekauka, na kwenye tendo la pili la rozari alipotea hesabu, lakini alisali mpaka mwisho akiwa amepiga magoti kwenye vumbi mbele ya meza ile, chupa ikiwa sawa na uso wake. Sanamu ililala kwa Emerensiana wiki nzima.

Jumatatu yake alikwenda kwa Ramson akamwambia kwamba tangu siku hiyo kila kadi itaandikwa nyuma: Emerensiana Luambano, Bombambili, Songea. Ramson alisema kwa masharti hayo hazipokei. Emerensiana akakusanya zake zote zilizokuwa kwenye kabati la kioo, moja baada ya nyingine, wateja wakimtazama, akaondoka nazo kichwani. Ilimchukua muda kupata wanunuzi wengine, na ipo miezi alikula ugali na mboga za majani tu. Jina lake nyuma ya kadi hakulifuta.

Jumapili iliyofuata palikuwa na ratiba mpya kwenye mlango wa kigango. Hakuna aliyemwomba aichape. Aliichapa tu, kwa mashine ya kuazima, kwenye karatasi yake mwenyewe ya kung'aa, nyekundu ikiingia kwenye manjano nyuma ya majina, vijicho vitatu vikiwa pembeni, na kati ya Kajetani na Bibi Getruda, herufi kubwa, EMERENSIANA LUAMBANO. Aliigongomea kwa misumari minne, mapema, kabla kengele haijapigwa. Wino ulikuwa haujamaliza kunuka gongo.

Wa kwanza kufika alikuwa mwenyekiti. Macho ya Kunegunda yalikuwa yameanza kupungua nguvu na miwani hakuwa nayo, hivyo ili asome ilimbidi asogee mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi. Emerensiana alisimama kando, nyundo mkononi, akamngoja. Kunegunda alisoma jina la kwanza, akasoma la pili, akavuta pumzi, akaendelea kusoma mpaka mwisho.